Kisu Kilichobaki Kwenye Gari

Mwanangu, ipo siku moja ya Olbalbal ambayo sijaisahau, na sitaki kuisahau. Watu wa nyumba hii huniambia nimezeeka, niyaache mambo ya zamani. Siyaachi. Keti hapo nikusimulie kabla hujaondoka kwenda kwenye kazi yako ya mifugo, halafu utaamua mwenyewe kama bibi huyu ana wazimu au ana sababu.

Nimezaliwa hapa Karatu, kwenye shamba la mahindi na maharage, kwa baba Mwiraqw aliyekuwa na maneno machache na kisu kimoja. Kilikuwa kisu cha kukunja, kidogo. Kikifungwa, vidole vyangu vinne vilikifunika chote. Kikifunguliwa, makali yake yalikuwa na urefu wa kidole cha shahada, na mpini wake wa mti ulikuwa umelainika kwa jasho lake. Nilipomaliza kozi ya mifugo, miaka ya sabini ikielekea mwishoni, nikapangiwa kazi Olbalbal, baba akanipa kile kisu. Hakutoa hotuba. Alisema tu kwamba kule kuna kamba nyingi. Mama akanishonea mfuko kwa ndani ya sketi, upande wa kulia, chini kidogo ya mkanda, maana nguo zetu wanawake hushonwa kana kwamba hatuna kitu cha kubeba isipokuwa watoto.

Olbalbal ni uwanda mkavu ulio chini ya milima ya Ngorongoro. Kazi yangu ilikuwa kuchanja ng'ombe na kutibu vidonda, boma hadi boma. Petroli ilikuwa adimu miaka ile, kwa hiyo Land Rover ya kazi ilikuja mara moja kwa wiki mbili, ikija. Siku nyingine zote nilitembea. Asubuhi nilikuwa natoka na dawa mgongoni, jua likianza kushuka ndipo narudi, na chakula cha mchana nilikuwa nimekula huko huko kwa watu. Waliniita bibi mifugo, wengine kwa heshima, wengine kwa utani.

Kile kisu kilitembea nami miezi minane na sikukihisi. Nalisema neno hili polepole ulisikie: sikukihisi. Niliinama nacho, nikakaa nacho, nikakimbiza ndama nacho, hata kanisani nilikaa nacho. Kila siku kilitoka mara tano, mara kumi. Kufungua boksi la dawa, kukata kamba, kutoa mwiba kwenye kwato, kumenya kiazi. Kisha kinarudi ndani ya sketi, na mimi nasahau kwamba kipo.

Siku moja kwenye birika la kunyweshea ng'ombe nilikitoa nikate uzi. Morani mmoja, kijana mrefu mwenye sime yake pajani, akakiomba akione. Akakilaza kwenye kiganja, akawaonyesha wenzake, akasema kinafaa kumnyoa kuku. Wakacheka sana. Nami nikacheka, lakini iliniuma. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, mwanamke peke yangu katika kazi ile, na nilitaka nionekane mkubwa kama kazi yenyewe.

Hapo ndipo nilipokosea, mwanangu. Wala sikudanganywa na mtu.

Dereva wetu aliitwa Eliamini, Mchaga wa Machame, mtu mwema ambaye hakukosa bidhaa chini ya kiti cha gari. Safari iliyofuata alitoka Arusha na kisu cha kukunja ambacho sijawahi kuona kingine kama hicho. Mpini wa pembe, shaba huku na huku, kifungio cha chuma mgongoni. Kikifunguliwa kilifika karibu na kiwiko changu. Ukikishika, mkono unashuka wenyewe. Nilimpa doti ya kitenge ambayo sikuwa nimeishona bado, naye akanipa kisu. Cha baba nikakirudisha nyumbani, nikakilaza chini ya sanduku la nguo.

Morani hawakucheka tena. Mmoja hata alitaka tubadilishane kwa mbuzi. Nilijiona nimefika.

Lakini sikia sasa mambo ya uzito. Siku ya kwanza kile kisu kilinipiga paja kila nilipopiga hatua. Siku ya tatu nikaona alama nyeusi kwenye ngozi. Nikiinama kumshika ndama, pembe ya mpini inaingia kwenye nyonga. Nikikimbia, sketi inashuka upande mmoja, nalazimika kuishika kwa mkono ambao ningeshikia ng'ombe. Wiki ya pili mfuko alioushona mama ukachanika. Nikaushona kwa uzi mara mbili, ukachanika pembeni yake. Basi nikakihamishia kwenye mfuko wa begani. Mfuko wa begani nao ukanichosha, nikawa nautundika kwenye mti karibu na pale ninapofanyia kazi. Siku gari likija, nauacha kwenye gari. Hakuna siku niliyoamua kwamba sitabeba kisu. Kilitoka mwilini mwangu hatua kwa hatua, na kila hatua nilikuwa na sababu nzuri.

Siku niliyokuambia, gari lilikuwa limekuja na chanjo. Ukame ulikuwa mkali, morani wamehamisha ng'ombe wakubwa kwenda malisho ya mbali, pale bomani wamebaki wanawake, wazee wawili wenye fimbo, ndama na mitamba michache. Aliyenisaidia alikuwa Naserian, mwanamke wa rika langu, mama wa mtoto mmoja, ambaye alikuwa amesoma hadi darasa la saba na ndiye aliyenitafsiria Kimaasai tangu siku niliyofika. Alikuwa rafiki yangu. Tulikula sahani moja.

Mtamba mmoja mweusi alikuwa mkorofi. Naserian alishika kamba yake ya katani, na ili isimponyoke akaizungusha kwenye kifundo cha mkono, mara mbili. Niliona. Nilijua kwamba haifai, nilifundishwa hivyo darasani, na nilikuwa na sindano mkononi nikasema moyoni nimalize huyu kwanza.

Sindano ilipoingia, yule mtamba akaruka. Alimvuta Naserian akaanguka kifudifudi, akamburuta hadi kwenye nguzo ya zizi, kisha akaizunguka ile nguzo. Kamba ikakaza. Sasa mkono wa Naserian ulikuwa umebanwa kwenye mti, na upande wa pili mnyama mzima anavuta kwa nguvu zake zote. Wazee walimrukia yule mtamba wakamshika pembe, hakushikika. Mimi nikashika kamba, nikavuta, ni kama kuvuta mlima. Nikapeleka mkono kwenye sketi, upande wa kulia.

Mwanangu, mkono wangu uligusa nyama ya paja langu tu.

Nilikimbia. Gari lilikuwa mbali kama kutoka hapa hadi kule kwenye kisima. Eliamini aliniona nakuja akafungua mlango kabla sijasema. Nikapekua mfuko, nikakipata, nikageuka nikikimbia huku nakifungua, na hakikufunguka, maana springi yake ilikuwa ngumu na ilitaka mikono miwili na mtu aliyetulia. Ukucha wa dole gumba ulivunjika hapo. Na muda wote huo namsikia Naserian.

Kisha sikumsikia tena, nikajua amekufa.

Hakuwa amekufa. Mama mkwe wake, ambaye wote tulimwita Koko, yaani bibi, alikuwa ametoka ndani ya nyumba. Mama mzee, mwembamba, anatembea kwa shida. Kiunoni, chini ya shuka, alikuwa na kisu kidogo cha kukatia ngozi, kimefungwa kwa ukanda. Alikitoa, akaikata kamba kwa mkato mmoja, akakirudisha kiunoni. Nilipofika nikihema na kisu changu cha shaba, yeye alikuwa tayari ameketi chini, kichwa cha Naserian mapajani mwake.

Akanitazama. Akanyoosha mkono, nikampa kile kisu. Akakipima kwa kukiinua na kukishusha, wala hakukifungua. Akaniuliza kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "Hiki kilikuwa wapi?"

"Kwenye gari, Koko."

"Basi ni cha gari," akasema. "Chako kiko wapi?"

Akanirudishia. Hakunitukana, wala hakupandisha sauti.

Tulimpakia Naserian kwenye gari, Eliamini akapandisha mlima bila kusimama hadi hospitali ya misheni. Mkono uliokolewa. Vidole viwili, cha mwisho na kinachofuata, havikukunjika tena maisha yake yote.

Wiki iliyofuata niliomba ruhusa nikaja nyumbani Karatu. Nilikitoa kisu cha baba chini ya sanduku la nguo, mama akanishonea mfuko mpya, na tangu siku hiyo ndipo watu walipoanza kunisumbua kuhusu kisu, nami ndipo nilipoanza kuwa mbishi. Shangazi wa mchumba wangu alikuja kwa wazazi wangu kusema kwamba mke mwenye kisu ndani ya sketi ataleta balaa nyumbani. Nilimwambia mbele ya baba yangu kwamba mpwa wake yuko huru kutafuta mke asiye na mfuko. Alikaa wiki tatu akifikiri, yule kijana, halafu akaja. Ndiye babu yenu.

Ofisini ilikuwa vigumu zaidi. Miaka kadhaa baadaye, nikiwa nimeshaolewa, tulipata mkubwa mpya wa kazi. Akaniita kikaoni, mbele ya wanaume kumi na mmoja, akasema amesikia habari zangu, na kwamba mtumishi wa kike akihitaji kisu achukue kikubwa cha kazi, kikae kwenye boksi la vifaa, na mambo ya kutembea na kisu mwilini awaachie wanaume. Nilikuwa na visu vyote viwili. Nikavitoa, nikaviweka mezani kwake, kidogo na kikubwa.

"Mheshimiwa," nikamwambia, "kesho naenda Olbalbal kwa miguu. Weka hiki kikubwa kwenye mfuko wa suruali yako twende wote, boma hadi boma, uiname ninapoinama na ukimbie ninapokimbia. Tukirudi ukiwa bado unacho mfukoni, mimi nitakupa hiki kidogo na sitabeba kisu tena."

Hakuna aliyecheka. Mkubwa akavisukuma visu kuelekea kwangu, akasema kikao kimekwisha. Kesho yake nilikwenda peke yangu. Nilipata barua ya onyo kwa utovu wa nidhamu, na nilikaa miaka minne bila kupandishwa cheo. Niliumia? Niliumia sana, nilikuwa na watoto wa kusomesha. Lakini kila asubuhi nilivaa sketi, nikagusa upande wa kulia, nikatoka. Hata leo sijaijutia siku ile mezani.

Naserian nilimwendea mara nyingi. Alijifunza upya kukamua na kutunga shanga kwa vidole vilivyobaki, na alizaa wengine watatu. Nilipomwomba msamaha alinicheka, akasema kamba aliizungusha mwenyewe. Ni kweli, aliizungusha. Lakini mimi nilimwona nikanyamaza, na kisu nilikiacha kwenye gari kwa sababu kilikuwa kizito na nilikinunua ili nitazamwe. Msamaha wake niliupokea. Kosa langu sikumwachia alibebe yeye.

Sasa ninawaona vijana wa hapa mjini, wanaoongoza wageni kwenda kreta ya Ngorongoro, wana visu viunoni kama panga. Nikimwuliza mmoja, baba, hiki umekitumia lini, anaanza kufikiri. Nami namwacha afikiri.

Kwa hiyo shika haya, mwanangu. Ukitaka kisu cha kila siku, usikipime dukani mbele ya macho ya watu. Kivae. Kitie kwenye nguo unayovaa kweli, ufanye nacho kazi zako zote wiki nzima. Kama siku ya tatu bado unakihisi, siku ya kumi utakuwa umekiacha nyumbani, na utakuwa na sababu nzuri. Lakini usiende kupita kiasi upande wa pili. Nilishawahi kujaribu kile kidogo kabisa cha kuning'iniza kwenye funguo, kikaniponyoka mkono ulipolowa damu ya ng'ombe. Mpini utoshe vidole vitatu, makali yakate kamba ya katani kwa mkato mmoja au miwili, ukifungue bila kukitazama. Zaidi ya hapo ni mapambo. Na atakayekucheka mwache acheke, maana siku ile kamba itakapokaza hatakuwa yeye anayevutwa mkono kwenye nguzo. Ukimwona mwenzako anazungusha kamba mkononi, weka sindano chini, useme. Sema hata kama utamkera.

Mungu wa baba zetu akulinde uendako. Akupe mabega mepesi na mikono yenye haraka. Akunyime aibu pale utakapokuwa peke yako mbele ya meza ya wakubwa, na atakayekuita kwa sauti ya uchungu akukute umeshafika. Nenda, mwanangu. Nimekubariki.