Jina Ambalo Barnaba Hakulitaja

Barnaba alikuwa mtu wa kukera. Nalisema hili kwanza ili msidhani nimekuja kumpamba. Katika ghala letu la maharage pale Tunduma yeye alikuwa mpanga magunia, na gunia moja likikaa upande alikuwa radhi kupangua safu nzima na kuanza upya, huku dereva wa lori akipiga honi nje mpaka achoke. Ukisimama kuzungumza naye, macho yake yako mlangoni, anatazama kama umerudishiwa vizuri. Alitoka bondeni Momba, Mnyamwanga wa kanisani, na nusu ya ndugu zake walikuwa ng'ambo ya mpaka, Nakonde ya Zambia, kama wa wengi wetu.

Mwaka 2008 ghala moja mtaa wa pili liliungua lote. Tajiri wetu, Bwana Sadoki, akashtuka, akaleta mkufunzi kutoka Mbeya kutufundisha kwa siku mbili. Tulichaguliwa wawili: Barnaba kwa ukali wake, na mimi Irene kwa sababu nina sauti. Cheo chetu kilikuwa wasimamizi wa moto. Wenzetu hawakuwa na muda wa maneno marefu, wakatuita Bwana Moto na Bibi Moto.

Mkufunzi alitufundisha kung'oa pini ya mtungi na kupuliza chini kwenye shina la moto, si juu kwenye ndimi zake. Alitufundisha kukagua kila chumba na kila choo, kurudisha milango bila kuifunga kwa ufunguo, kuwapeleka watu wote uwanjani chini ya tangi la maji, kisha kuwaita kwa majina, mmoja mmoja, kama yalivyoandikwa. Hapo ndipo alipopiga meza. Alisema msikubali kuambiwa fulani yupo, nimemwona. Jina likiitwa lisipoitikiwa, huyo mtu yumo ndani, na kazi yenu ni kuwaambia wazima moto, siyo kukimbilia ndani wenyewe.

Barnaba akanyoosha mkono. "Samahani, mwalimu. Na kama jina lenyewe huwezi kulitaja?"

"Basi waandike kwa herufi kubwa," mkufunzi akamjibu. "Mwandiko mbaya unaua."

Wanawake wa kuchambua maharage, waliokuwa wakisikiliza mlangoni, walicheka mpaka wakashika mbavu, na mkufunzi akacheka nao bila kujua anacheka nini. Sisi tulijua. Jina la ishirini na tatu kwenye orodha ya wafanyakazi lilikuwa Fides, na Fides alikuwa mama mzazi wa Rosemary, mke wa Barnaba. Ghalani tulimwita Mama Rose. Kwa watu wa kwao Barnaba, mkwe halitaji jina la mama mkwe wake, hakai naye chumba kimoja, hamtazami usoni, na kumgusa ndiyo kabisa. Wengine walikwisha kuilegeza mila hiyo, hasa mjini. Barnaba hakulegeza chochote maishani mwake. Mama Rose akiingia getini, yeye huzunguka nyuma ya mizani mpaka mama apite. Siku moja nikamwambia, "Kaka, mwite basi Mama Rose, si sote tunamwita hivyo?" Akasema kumpazia mkwe sauti mbele za watu ili aitikie ni kumfanya mtoto, na nisimrudie tena maneno hayo.

Tukagawana kazi. Yeye alichukua mbele, kwenye magunia, na orodha ya majina. Mimi nilichukua chumba cha nyuma walikokaa wanawake, stoo yake ndogo na vyoo vyao. Akifika jina la ishirini na tatu anakohoa, na mimi nalitaja: "Fides!" Mama anaitikia, Barnaba anatia alama bila kuinua macho. Kwenye jaribio la kwanza la kutoka nje watu walinong'ona, "Bwana Moto kafika kwa mkwe." Jaribio la pili walikohoa pamoja naye. Mimi ndiye niliyewaanzisha, na nilijiona mcheshi.

Sisi wawili wenyewe hatukuwemo kwenye orodha. Msimamizi hajiiti.

Sasa nafika penye aibu yangu. Ilikuwa Septemba mwaka uliofuata, Alhamisi, upepo mkavu wa Tunduma umeshika kasi. Nilikuwa na biashara ndogo ya vitenge vya Zambia, na rafiki yangu wa Nakonde alinitumia ujumbe kwamba mzigo mpya umefunguliwa, nikichelewa nitakuta mabaki. Nikaweka sahihi ya kuingia kazini, nikavaa kizibao changu cha manjano cha usimamizi ili nionekane nipo, kisha saa nne nikakivua na kuteleza. Barnaba sikumwambia, maana angeniandika sikufika. Nilimwinamia Mama Rose tu, aliyekaa karibu na mlango na ungo wake. "Mama, naruka ng'ambo mara moja. Nikiulizwa, niko chooni."

"Haya, mwanangu," akasema. "Usikawie."

Nilikuwa napapasa kitenge cha kijani niliposikia watu wakisema kuna moshi upande wa Tanzania. Moshi Tunduma si ajabu, watu huchoma taka. Nikaendelea kuchagua. Kitenge cha kijani nikakinunua, na cha bluu pia, na ndipo nikatoka na kuona moshi unatokea upande wetu.

Mengine nilisimuliwa. Umeme ulikuwa umekatika, wakawasha jenereta, mafuta yakamwagika yakashika magunia matupu. Barnaba aligonga ile ringi ya gari iliyokuwa kengele yetu, akawatoa watu wa mbele wote, akapuliza mitungi miwili mpaka ikaisha. Wanawake wa nyuma walitoka wenyewe kwa mlango wao, wakisukumana. Mama Rose alikuwa stoo akitafuta gunia zima la kutia maharage yake. Pale stoo palikuwa pangu. Msimamizi mwema angefungua ule mlango na kusema, mama, tutoke.

Uwanjani Barnaba aliita majina kwa utulivu, kama alivyofundishwa. Alipofika ishirini na tatu akakohoa. Akangoja. Watu kadhaa wakakohoa naye kwa mazoea, na kuna aliyecheka. Alitazama kona ya ghala, akiamini natoka nyuma pamoja na huyo mama, maana kazi ya nyuma ilikuwa yangu na hakuwahi kunikuta nimeiacha. Akaendelea na ishirini na nne. Kisha akamwambia Bwana Sadoki kwamba wa mwisho wanakuja na Irene.

Mimi nikaingia kwa geti kubwa, nikitokea barabarani, mfuko wa vitenge mkononi; wengine wote macho yao yalikuwa kwenye moto.

Nimeshasahau nyuso za watu wengi, lakini uso wa Barnaba wa dakika ile sijausahau. Alitazama mfuko, akatazama nilikotoka. Aliitupa orodha chini akakimbilia nyuma, na tulimsikia akiita ndani ya moshi, "Mama! Mama!" Hata hapo hakuita Fides. Labda angeliita jina mama angesikia mapema, labda isingesaidia kitu. Nimejiuliza sana, na kila nikijiuliza najikuta natafuta namna ya kumtupia yeye lawama.

Alitoka amembeba mgongoni, amemfunika gunia lililoloweshwa maji. Alimlaza chini ya tangi, na wakati wote huo kichwa chake alikigeuza pembeni asimwone mkwe wake mahali kanga zilipoungua. Mama alikuwa hai. Mikono yake alikuwa ameitumia kusukuma mlango wa bati uliokuwa umekwama, na bati lilikuwa jekundu kwa moto. Mimi nilikuwa tayari nimempa mlinzi mfuko wangu anifichie.

Wiki iliyofuata walikuja maofisa wawili wa zimamoto na fomu, wakakaa ofisini kwa Bwana Sadoki, wakatuita pamoja.

"Nani alisoma majina?"

"Mimi," Barnaba akasema.

"Jina hili halina alama. Kwa nini?"

"Nililiruka."

"Uliliruka kwa sababu gani?"

"Ni mama mkwe wangu, mheshimiwa."

Yule ofisa kijana alicheka, akaona hakuna anayecheka naye, akainamia karatasi. Kisha akanigeukia. "Na chumba cha nyuma nani alikikagua?"

Nilikuwa na muda wa kutosha kusema kweli. Nakumbuka hata nzi aliyekuwa kwenye kikombe cha chai. Nikasema, "Mimi. Nilikikagua, hapakuwa na mtu. Labda alirudi ndani baadaye."

Barnaba hakunibishia. Alinitazama mara moja, akashusha macho kwenye viatu vyake. Nadhani kwake kugombana na mwanamke mbele ya wakubwa juu ya mama mkwe ilikuwa aibu juu ya aibu, na sehemu yake alikuwa ameshaikubali: jina hakulitaja. Wakaandika uzembe. Akafukuzwa siku hiyohiyo. Kabla ya kurudi bondeni kulima ufuta alipeleka mbuzi kwa wakwe, kuomba radhi kwa kumshika mama. Kwa kumwokoa aliomba radhi, na mimi niliyemwacha sikupeleka hata kuku.

Kizibao chake nilipewa mimi, na cheti cha msimamizi mkuu nikaandikiwa mimi. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilifika miaka sita. Nimefundisha wasimamizi kwenye maghala matatu, nikipiga meza kama yule mkufunzi: iteni majina yote, hata la mkweo. Watu hucheka, wengine wameshamsikia huyo Bwana Moto aliyemwonea haya mkwe wake. Nawaacha wacheke. Jina lake silitaji, na wao hudhani ni heshima.

Mama Rose alilazwa Mbeya miezi miwili. Alipotoka vidole vya mkono wa kulia vilikuwa vimeshikana, kuchambua maharage hakuweza tena. Nilimkwepa. Nikimwona upande mmoja wa barabara, nahamia wa pili, nikizunguka nyuma ya malori yaliyopanga foleni ya mpakani.

Mwaka 2015 nilimkuta sokoni bila kutegemea, anauza nyanya. Alinipangia fungu kwa mkono wa kushoto, polepole, akaniuliza habari za watoto. Nikamwuliza za Barnaba. Akasema yupo, analima, bado akija kusalimia anakaa nje ya ua. Kisha akasema, bila kupandisha sauti:

"Siku ile uliniaga, Irene. Mkwe wangu alituma neno kwa Rosemary nisiseme, akisema utasema mwenyewe. Nikakungoja."

Nilishika fungu la nyanya nisijue niliweke wapi.

"Yeye hakulitaja jina langu kwa sababu alinionea haya mimi," akasema. "Wewe mbele ya wale wakubwa hukulitaja lako. Ulikuwa unamwonea haya nani?"

Nikamwambia nimechelewa kazini.