Nilizoea Kuitikia

Tulimzika baba mdogo kijijini Tumati siku ya Jumanne. Ijumaa, siku ya kumaliza msiba, nikagundua kwamba sina mzee aliyebaki. Yeye ndiye alikuwa wa mwisho katika ndugu wa baba yangu. Nilipanda gari Katesh nikiwa mtoto wa watu, nikafika nikaambiwa sasa mimi ndiye mkubwa.

Nina mvi za kutosha, lakini kwa baba mdogo nilikuwa bado kijana wa kutumwa kuni. Ndiye aliyenifundisha kulima vitunguu saumu, kuvifunga mafungu kwa majani yake na kuvitundika darini visioze. Nikifunga vibaya alivifungua vyote mbele ya watu, akasema mkono wangu ni wa kushika chaki. Na chaki kweli nikaishika, kwa ada iliyotoka kwenye vitunguu hivyo. Hakuwahi kunikumbusha hata siku moja. Ningekuwa mimi, ninavyojijua, kijiji kizima kingejua.

Jambo moja hakunifundisha, kwa kuwa alikuwepo kulifanya. Kwetu, baada ya sala za kanisa, mzee wa ukoo husimama uani akaiombea nyumba kwa Kiiraqw. Anataja mvua, ng'ombe, watoto, wagonjwa, na kila anapotua sisi wengine tunaitikia kwa pamoja. Baba mdogo alikuwa na maneno mengi, mazuri, nami nilikuwa nawaza chakula. Sikushika hata nusu yake, na ninajuta.

Ijumaa hiyo, katekista alipomaliza sala zake, watu wote wakanigeukia. Mama mdogo, mjane wake, alikuwa amekaa kwenye kigoda. Tangu makaburini hakuwa amesema neno. Nikiharibu, nyumba yake ingebaki bila kuombewa siku ambayo aliihitaji sala ile kuliko siku zote.

Nikasimama. Nikaomba mvua. Halafu, kwa mazoea ya maisha yangu yote, nikaitikia mwenyewe, kwa sauti kubwa, peke yangu.

Kisha mama mdogo akacheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, na kicheko kikaenea uani, katekista naye hakujizuia. Nikaona aibu, nikacheka, na hapo hapo nikalia, maana baba mdogo angenitania kwa kosa lile hadi msimu ujao.

"Mwanangu," mama mdogo akasema akifuta macho, "umeomba vizuri. Ila kuitikia tuachie sisi. Haya, anza tena."

Nikaanza tena. Maneno ya baba mdogo sikuyajua, nikatumia yangu machache: mvua, ng'ombe, watoto walio mbali, na asante kwa mtu aliyetulea. Nilipotua walinijibu wote, na sauti ya mama mdogo ilitangulia. Sikuwahi kuisikia sauti ile kutoka upande huu wa anayeombea. Nikawataja wagonjwa, nikawataja majirani, nikarudia hata mvua. Sikutaka kumaliza.