Mtaa Uliobandikwa kwa Bugari

Nilimaliza masomo ya jioni nikiwa na mvi nyingi kuliko chaki ya mwalimu wetu, na tangu siku niliyopata diplome hakuna mtu mtaani kwetu Ndosho aliyepona somo. Jirani alifundishwa jiografia akiwa kwenye foleni ya maji, ndoo kichwani. Muuza makala, yaani makaa, alipewa somo la moto na hewa bila kuomba. Kwa hiyo binti yetu alipofika miaka minne, na shule ya watoto wadogo iliyo karibu nasi ikasema imejaa mpaka mwaka mwingine wa masomo, sikusikitika hata kidogo. Nilijiambia: mwanafunzi amepatikana, na huyu hana pa kukimbilia.

Mchana nashona viatu huko Murara, pembeni ya duka linalouza vipya. Maboksi ya viatu wanayoyatupa nilianza kuyabeba nyumbani, mengi sana, hata mwenye moto, dereva wa pikipiki aliyezoea kunipakia, akaniuliza kama nimefungua depo. Mke wangu, ambaye asubuhi anauza mandazi, alileta vizibo vya soda. Majivu tulikuwa nayo. Mchanga mweusi wa Goma nao haununuliwi, unaingia wenyewe chini ya mlango.

Basi shule yetu ilikuwa hivi. Nikirudi jioni, mtoto ananisubiri na sinia. Namwaga humo majivu yaliyochekechwa, anachora herufi kwa kidole, tunatikisa sinia, herufi inafutika, tunaanza nyingine. Hakuna daftari linaloisha, hakuna kalamu inayopotea. Siku nyingine tunamwaga maharage mezani, anachagua: mekundu huku, ya njano huku, yenye madoa kwenye kikombe. Mama yake alifurahia somo hilo kupita masomo yote, kwa sababu likiisha maharage yanakuwa yamechaguliwa na vijiwe vimetoka, ni kupika tu. Tulichemsha majani ya lengalenga nyekundu, aina ya mchicha, tukapata rangi, na kwa wiki nzima mikono ya mtoto, yangu na hata mlango wetu vilikuwa vya zambarau.

Lakini kazi kubwa, kazi ambayo wahandisi wa dunia nzima wangekuja kuitazama kama wangepata habari, ilikuwa mtaa. Tulikata maboksi tukajenga nyumba, soko, kanisa, msikiti. Kiberiti kikawa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, vizibo vikawa magurudumu yake. Gundi ya dukani sikuitaka. Nilichukua bugari ya jana, yaani ugali uliolala, nikaikoroga na maji ya moto mpaka ikavutika. Inabandika kuliko simenti, nawaambia kweli. Mimi mwenyewe nilinasa kwenye kiti.

Tulikuwa na haraka, na sababu yake ni dada yangu mkubwa.

Yaya, ndivyo tunavyomwita dada mkubwa, anakaa Mapendo, mbali na kwetu, katika nyumba ya matofali yenye vyumba vingi. Watoto wake wote wameoa na kuolewa, wametawanyika. Ni mtu mwema, lakini yaya akisema jambo, hata volkano inapunguza moshi ili isikie vizuri. Alikuja mwanzoni mwa juma, akamkuta binti yetu amelala kifudifudi jikoni, anazungumza na simbiliki wetu, wale wanyama wadogo wenye manyoya, kama panya wasio na mkia, tunaowafuga chini ya meza kwa maganda na majani.

“Mutoto ya miaka ine,” yaya alisema, “anashinda na simbiliki?”

“Yaya, huyu anasoma. Mimi ndiye mwalimu wake.”

“Weye? Weye ulishindwa kusoma saa mpaka ukaoa.”

Mke wangu alicheka, kisha akaacha, kwa sababu yaya alikuwa ameanza kuongea polepole, na hiyo ndiyo hatari. Alisema karibu na kwake kuna shule nzuri ya watoto, ina nafasi. Mtoto akae kwake, atalala kwake, sisi tutakuwa tunamuona siku za mapumziko.

“Dimanche nakuja kuangalia. Nikiona anajua kitu, anabaki. Nikiona hajui, nabeba mutoto yangu. Na musinisumbue.”

Kwetu mtu hamkatalii dada mkubwa hivi hivi. Mtoto ni wa ukoo mzima, na mimi mwenyewe nililelewa nusu ya utoto wangu mgongoni kwa yaya huyo. Lakini jioni hiyo mke wangu alikoroga sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, muda mrefu kuliko inavyohitaji. Mwishoni akasema: “Akienda, nani ataniuliza maswali wakati nakanda unga?” Nyumba yetu ni ya mbao, ndogo, na sauti ya yule mtoto ndiyo inayoijaza.

Ndiyo maana mtaa wa maboksi ukawa mtihani wetu. Jumamosi, siku moja kabla ya dimanche ya yaya, tulimaliza kanisa, tukaupanga wote juu ya ubao, na kwa kuwa bugari ilikuwa bado mbichi, mimi, mwenye diplome, nilishauri ubao uwekwe jikoni karibu na jiko la makala ili ukauke haraka. Chini kabisa, kwenye joto.

Jikoni. Chini. Pale wanapolala simbiliki.

Asubuhi tulikuta mabaki kama ya mji uliopitiwa na jeshi la nzige. Soko hakuna. Msikiti umebaki ukuta. Kanisa limeliwa kuanzia madhabahuni. Chukudu imebaki vizibo. Walikula bugari na boksi lililoshikwa na bugari, wakalala katikati ya uharibifu wao, matumbo yamevimba kama ngoma. Nilipiga kelele iliyosikika mpaka Rwanda.

“Nani ametuma kuweka mukate mbele ya wenye njaa?” mke wangu aliuliza. Hakuniangalia, lakini tulikuwa wawili tu mule jikoni.

Kabla sijajitetea, yaya alikuwa mlangoni, ametoka ibada na kikwembe chake kizuri cha kitenge. Aliketi, akapewa chai, akamwita mtoto, ambaye humwita tantine, yaani shangazi.

“Njoo, mama. Hesabia tantine mpaka kumi.”

Mtoto alijificha nyuma ya mama yake.

“Rangi hii ni gani?” Yaya alishika kikwembe chake.

Mtoto alizidi kujificha. Mimi nilikuwa nachezesha midomo kumsaidia, nachezesha na nyusi, nachezesha na masikio kama yangekubali. Wapi! Yaya aliweka kikombe chini kwa upole, na upole ule ulinitia baridi. Alimwambia mke wangu: “Mumuwekee nguo zake.”

Mke wangu aliingia chumbani. Nilimsikia anafungua sanduku, halafu sikusikia kitu kingine.

Mtoto naye alikuwa amechungulia jikoni. Ndipo alipoona mtaa wake. Nilingoja kilio. Badala yake aliweka mikono kiunoni, sawasawa na mimi ninapofundisha, akawasimamia simbiliki.

“Weye mweusi, umekula nini? Soko! Weye mweupe, umekula kanisa, Mungu amekuona. Weye wa madoa, fungua kinywa. Weye wa kahawia, usijifiche.” Aliwahesabu kwa kidole, mmoja mmoja, akarudia tena kuanzia mwanzo, kisha akakunja uso. “Papa, wako sita. Jana walikuwa saba. Mumoja amekimbia, juu amekula nyumba mingi.”

Yaya aliinua miguu ghafla. Wa saba alitoka chini ya kiti chake, mnene, anajiburuta.

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Yaya hakucheka, lakini alisogeza kiti chake mpaka mlango wa jikoni. Mtoto hakumjali. Alichukua sinia la majivu, akaanza kuchora tulivyokuwa tumepanga, ili tujenge upya: soko hapa, kanisa hapa, nyumba yetu karibu na kanisa. Pembeni kabisa mwa sinia, karibu na ukingo, akachora kisanduku.

“Na hapa ni wapi?” yaya aliuliza.

“Kwako, tantine. Ni mbali.”

“Nani anakaa mule ndani?”

Mtoto alifikiri. “Weye tu.”

Yaya alikitazama kisanduku kile. Namfahamu dada yangu. Niliwahi kumuona anatazama hivyo siku binti yake wa mwisho alipotoka nyumbani na sanduku kichwani. Nilielewa, kwa mara ya kwanza, kwamba shule ile ya Mapendo haikuwa sababu yote. Kulikuwa na vyumba vile vyote vitupu, na jioni zake za upweke.

“Sasa mama,” alisema, na sauti yake ilikuwa imepungua, “unaweza kunileta karibu?”

Mtoto alifuta kisanduku kwa kiganja, akachora kingine kikigusana na cha kwetu. “Lakini tutajenga na boksi,” alionya. “Boksi na gundi. Unajua kukoroga gundi?”

“Mimi? Nilikoroga bugari kabla ya papa yako kuota meno.”

Alikunja mikono ya blauzi. Mke wangu alitoka chumbani mikono mitupu, akamkuta wifi yake amechuchumaa na sufuria, anaambiwa na mtoto wa miaka minne kwamba maji yake si ya moto vya kutosha. Alinitazama. Nikainua mabega. Alikwenda kuleta maboksi mengine.

Tulijenga mpaka chai ikapoa, ikapashwa, ikapoa tena. Yaya alibishana na mtoto kuhusu madirisha, akashindwa. Nguo hakuna aliyezitaja. Alipoinuka kuondoka, kikwembe cha ibada kilikuwa na bugari mpaka magotini, na mwenye moto aliyemngoja nje alifikiri amepigana.

“Anabaki,” yaya aliniambia, kwa sauti ya mtu anayetoa amri. “Na mimi kila dimanche niko hapa, hata musiponialika.”

Mtaa tuliuweka juu ya kabati, karibu na bati, mahali simbiliki hawawezi kupanda labda wapewe mabawa. Yaya alikwisha panda moto, dereva amekwisha washa, alipogeuza shingo na kupaza sauti ili mtoto mlangoni amsikie:

“Na ile nyumba yangu muikatie mulango mukubwa! Mimi siko simbiliki!”