Spika Mbili za Pijo la Mjomba

Yapo maneno yaliyosemwa mjini, mtaa wa Kichangani, mwaka 1978, na wengine bado wanayasema, kwamba Mwalimu Laurenti Banzi alimnyang'anya mjane wa mjomba wake spika, kisha akaharibu waya makusudi ili nyumba ile ikose muziki. Haikuwa hivyo. Spika alichukua, tena kwa mkono wake mwenyewe, lakini moja tu, na aliichukua akiamini anatenda haki. Kosa lake lilikuwa la hesabu.

Laurenti alifundisha hesabu katika shule ya msingi upande wa Mkuyuni, milimani. Alikuwa mtu mrefu, si msemaji, mwenye shati jeupe lililopigwa pasi hata siku za mvua, na sifa yake kubwa ilikuwa usawa. Chaki zikiletwa pungufu, walimu wenzake walimwachia yeye azigawe. Mbuzi akichinjwa Saba Saba, mwenyekiti wa kijiji alisema, "Mwiteni Laurenti, nyama isije ikatugombanisha." Mkewe, Stella, aliyesomeshwa na masista hadi kidato cha nne, alizoea kumwona akikata mkate wa watoto huku ameinamisha kichwa, anapima kwa jicho kama seremala.

Mjomba wake, Agustino, alikuwa karani katika shamba moja la mkonge. Mashamba yalipotaifishwa, meneja wake alirudi kwao Ulaya na kumwuzia Agustino gari lake, Pijo 404 la rangi ya maziwa. Huyo meneja alipenda muziki. Nyuma ya kiti cha abiria alikuwa amefunga spika mbili nene za besi, kila moja upana wa sahani ya wali, za namna ambayo vijana wa leo wanaiita sabufa. Waliolipanda gari lile walisema mtu akishuka mgongo ulikuwa bado unanguruma.

Kisha mafuta yakawa ya shida, matairi hayakupatikana, na Jumapili mchana magari yakakatazwa barabarani. Redio ya gari nayo ikafa. Pijo likakaa bandani, kuku wakataga ndani. Agustino alilitazama mwaka mzima, mwishowe akamwita Abasi, fundi redio mwenye kibanda karibu na soko.

"Gari limekatazwa kutembea," alimwambia. "Sauti yake haijakatazwa. Ilete sebuleni."

Abasi alizing'oa spika zote mbili. Akatengenezesha sanduku la mninga lililofika kiunoni, akaliziba kila pembe kwa gundi, akalijaza sufi iliyookotwa chini ya msufi wa uani, akazifunga spika moja juu ya nyingine. Waya mbili zikatoka nyuma ya sanduku mpaka kwenye stirio ya Agustino, ile yenye sahani ya santuri na kifuniko cha plastiki. Siku ya kwanza santuri ya dansi ilipowekwa, chai ilitetemeka vikombeni. Agustino aliweka kiganja juu ya sanduku, kama mtu anayepapasa ng'ombe, akakiacha hapo mpaka wimbo ukaisha.

Laurenti alikulia katika nyumba hiyo. Tangu alipoletwa mjini kusoma shule ya kati, Agustino na mkewe, Mama Charles, walimlea pamoja na watoto wao. Hata alipokuwa mwalimu na baba wa watoto watatu, kila Jumamosi aliteremka na lori la ndizi, akaingia bila hodi, akapita moja kwa moja hadi jikoni kufunua chungu. "Mwalimu mzima," Mama Charles alikuwa akimwambia, "na bado unanusa mboga kama paka." Ndiyo maana lililofuata lilimwuma.

Agustino alifariki mwezi wa pili mwaka 1978. Baada ya arobaini, wazee wa ukoo walikutana. Kwa Waluguru, kabila lao, mtu ni wa ukoo wa mama yake, na mali ya mjomba humfuata mpwa, mtoto wa dada. Wazee walikubaliana vizuri kabisa: nyumba waliijenga mume na mke, ibaki kwa Mama Charles na watoto, pamoja na vyombo vyote vya ndani. Gari ni la Laurenti. Hapo Mzee Yunusi, mkubwa wa ukoo, akainua kidole.

"Gari na viungo vyake vyote," alisema. "Mtu harithi ng'ombe asiye na pembe."

"Viungo gani, mzee?" aliuliza Laurenti.

"Zile za kunguruma. Zilikuja na gari, ziende na gari."

Laurenti alikwenda Kichangani akiwa na neno hilo mdomoni kama jiwe. Mama Charles alimsikiliza mpaka mwisho, mikono mapajani.

"Gari chukua, mwanangu," alisema. "Lakini hizo mjomba wako alizitoa garini mwenyewe, kwa akili zake. Alizileta ndani. Sasa ni za nyumba."

Ukoo ulikuwa na haki yake, na nyumba ilikuwa na haki yake. Laurenti aliliwaza jambo hilo siku tatu. Akikataa kuzichukua, wazee wangesema amesoma mpaka amesahau mama yake alikotoka. Akizichukua, angekuwa amemvua mjane. Siku ya nne uso ukamkunjuka. Spika ni mbili, wenyewe ni wawili. Moja iende na gari, moja ibaki ndani.

Stella alimwuliza, "Umemwuliza Abasi?"

"Abasi wa nini? Si jambo la fundi hili. Ni mbili kugawa kwa mbili."

Jumamosi alichukua bisibisi. Mama Charles alisimama mlangoni akimtazama. "Wewe ndiye mwalimu," alisema tu. Laurenti akafungua spika ya juu, akaziba tundu kwa kipande cha mbao, akaunganisha waya za stirio moja kwa moja kwenye spika iliyobaki. Ikalia. Ililia kinyonge kidogo, lakini ililia, naye akaondoka ameridhika. Akaitia ile nyingine ndani ya Pijo, akatafuta mafuta ya kulifikisha Mkuyuni, na huko spika ikakaa nyuma ya kiti kama abiria aliyelala, kwa kuwa redio ya gari haikuwa nzima.

Wiki mbili baadaye alipoteremka tena, alimkuta Mama Charles barazani anachambua mchele. Alimwamkia, akaitikiwa vizuri. Kisha mama akamnyanyulia kigoda kilichokuwa pembeni, akakiweka hapo hapo nje.

"Karibu ukae, mwalimu."

Alikaa. Tangu utoto wake hakuwahi kukalishwa barazani kama mgeni, wala mama huyo hakuwahi kumwita mwalimu bila utani. Waliongea habari za mvua na za watoto. Hakuna sauti iliyotoka ndani. Mwisho Laurenti akauliza, "Santuri leo hazipigwi?"

"Mashine imekufa," alisema Mama Charles, bila kuinua macho kwenye ungo. "Sauti ilikuwa ndogo, nikaongeza. Ikawa ndogo bado, nikaongeza tena. Ikatoa moshi. Hidaya alikuwepo."

Hidaya alikuwa jirani wa ukuta mmoja, na jambo likimfikia Hidaya lilifika bombani kabla ya ndoo kujaa. Ndiye aliyekuwa amekwisha kueneza kwamba mpwa, alipokuwa na bisibisi, alikata waya makusudi. Mama Charles hakusema anaamini. Hakusema pia haamini. Aliendelea kuchambua mchele, na Laurenti alijua kwamba asipolinyoosha jambo hili, mlango ule hataupita tena ila kwa hodi.

"Niruhusu niipeleke kwa Abasi," alisema.

"Iko mezani. Ichukue."

Abasi alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, mtani wa Waluguru wote, na hakuwa na sababu ya kumhurumia yeyote. Alifungua mashine, akainusa, akamwonyesha Laurenti vitu viwili vidogo vyeusi vya kukuza sauti, vimeungua.

"Nani alifanya hivi?"

"Mimi. Tuligawana spika."

Abasi aliweka bisibisi chini. "Mligawana."

"Moja kwa gari, moja kwa nyumba."

"Waluguru," alisema Abasi taratibu, "mkirithi suruali mnapeana mguu mmoja mmoja?"

Wateja wawili waliokuwa kibandani wakacheka, na Laurenti naye akalazimika kutabasamu.

"Nisikilize, mtani. Spika ya gari si kama ya nyumbani. Ya gari ina omu nne. Omu ni ugumu wa waya wake kupitisha umeme. Ugumu ukiwa mdogo, spika inavuta umeme kwa nguvu. Mashine hii imetengenezwa kwa omu nane. Ukiipa nne, itapiga, lakini inakamuliwa. Ukiongeza sauti inaungua. Mimi niliziunganisha zifuatane, umeme upite hii ndipo uingie ile. Sasa wewe ni mwalimu. Nne na nne?"

"Nane," alisema Laurenti.

"Basi hapakuwa pa kugawa hapa. Palikuwa pa kujumlisha."

Laurenti alikuwa amefundisha matendo manne ya hesabu kwa miaka kumi na mmoja, na kila mwaka alianza na kujumlisha.

Abasi alisema vile vitu vyeusi havipatikani mjini, hata Dar es Salaam ni kwa bahati. Kisha akanung'unika, akageuza redio ya kibandani kwake iliyokuwa inamtumbuiza, akang'oa vya humo. "Nitakaa kimya mpaka mwezi ujao kwa ajili yenu. Lete ile spika yako."

Mkuyuni, kabla ya kuing'oa garini, Laurenti alikwenda kwa Mzee Yunusi. Alimkuta anamenya muwa.

"Shikamoo, mzee. Nairudisha ile spika Kichangani."

"Cha ukoo unakirudisha?"

"Nilikosea hesabu. Zile mbili ni kitu kimoja. Zikitengana hakuna anayepata kitu, wala sisi wala wao. Yangu haijalia hata siku moja."

Mzee Yunusi alitafuna muwa, akatema makapi. "Na wakisema ukoo wetu unaogopa wanawake?"

"Waseme kwangu. Wakisema tumemzimia mjane nyumba, hilo ndilo sitaweza kulijibu."

"Mama yako alikuwa na kichwa kigumu hivyo hivyo," alisema mzee, akamkatia kipande cha muwa. Laurenti akakipokea kwa mikono miwili, akaelewa kwamba ameruhusiwa.

Stella aliifunga spika kwenye khanga yake, ikateremka mjini juu ya mikungu ya ndizi. Abasi alikuja mwenyewe na mashine, akaziunganisha waya kama mwanzo, huku Laurenti akishika taa, kurudisha sufi iliyomwagika na kumweleza Mama Charles alivyokosea. Mama Charles alikaa kitini kwake. Abasi alipomaliza alimwambia achague santuri, naye akachagua ya kwanza aliyoigusa.

Besi ikaja. Ilitoka chini kwenye sakafu, ikapanda miguuni. Mama Charles aliinamisha kichwa, akasikiliza wimbo mzima hivyo.

Hidaya alitokea mlangoni na ndoo tupu mkononi. "Kumbe imefufuka," alisema. Akamtazama Laurenti kuanzia viatu. "Na mpwa naye yupo. Kaleta alichokata?"

Laurenti alifungua mdomo, lakini Mama Charles alimtangulia.

"Hakukata kitu," alisema. "Mwanangu alikosea kugawa, akarudi kurekebisha mwenyewe. Katueleza yote, na fundi huyu hapa. Kawaambie hivyo bombani, Hidaya, tena kwa maneno hayo hayo." Kisha akamgeukia Laurenti. "Na wewe umesimama nini hapo? Nenda jikoni ukatazame mboga, naona inaungua."