Siku ya Mvua Ambayo Baba Hakuwepo

Jumamosi asubuhi sebule yetu ya Harrow, London, ilinuka mkate uliochomwa na sabuni ya limau. Mkate ulikuwa wangu. Sabuni ilikuwa ya Baba, ambaye wiki nzima alisafisha ofisi za watu na bado siku yake ya mapumziko aliianza kwa kupangusa meza, kwa sababu timu yake ya mpira, ya huko Japani, ilikuwa inacheza. Japani ilikuwa mchana tayari. Kwetu taa za barabarani zilikuwa hazijazimwa. Tulikaa mbele ya kompyuta iliyokwama kila baada ya dakika chache, wachezaji wakiganda mguu juu, na wakati tukisubiri waganduke Baba alinisimulia historia ya timu. Nilikuwa na miaka kumi na moja, na ule ndio msimu ninaoukumbuka kuliko yote.

Kabla ya kuja Uingereza, Baba alipelekwa Japani kutoka Morogoro, miaka miwili, kujifunza ufundi wa matrekta. Kiwanda kilikuwa katika mji mdogo ambao hata Wajapani, kwa maneno yake, walilazimika kuutafuta kwenye ramani. Timu ilianzia hapo kiwandani: mafundi wenye grisi kwenye kucha, wakicheza baada ya kazi kwenye kiwanja kilichopakana na mashamba ya mpunga, mpira ukitumbukia majini na mtu akivua viatu kuufuata. Baadaye ikawa timu ya wachezaji wa kulipwa. Kisha kiwanda kikajitoa, na wauza samaki, walimu na wastaafu wa mji wakaibeba wenyewe isife. Lakini sehemu niliyoipenda zaidi ilikuwa siku ya kupanda ligi kuu. Mvua ilinyesha tangu asubuhi. Baba na mafundi wenzake walijifunika makoti ya plastiki, bao likaingia dakika za mwisho, na msimamizi wake, mzee ambaye hakuwahi kumpa hata tabasamu, akamkumbatia akalia. Mechi ilipokwisha hakuna aliyekimbilia mlangoni. Wote waliinama, wakaokota takataka zao, wakaliacha jukwaa safi kama walivyolikuta. Ndiyo maana na sisi, tushinde tushindwe, tuliokota makombo kwenye zulia kabla ya kuinuka.

"Timu imefungwa, zulia lina kosa gani?" Baba aliniuliza kila nilipogoma.

Msimu ule tulifungwa sana. Na mimi ndio kwanza nilikuwa nimegundua utamu wa kuuliza "umejuaje?" Nilimuuliza mwalimu, nikamuuliza mchungaji, nikamuuliza Mama kuhusu dawa zake za kikohozi. Siku moja, kwenye kompyuta ya maktaba, nilipata ukurasa wenye historia ya timu, mwaka kwa mwaka. Nilihesabu kwa vidole, nikarudia. Mwaka ule wa kupanda ligi kuu mimi nilikuwa na miaka miwili, na Baba alikuwa hapa hapa Harrow, akinifulia nepi.

Jumamosi iliyofuata Mjomba Salehe, kaka yake Mama, alikuja kutazama nasi.

"Shemeji, hii timu yako ya wala wali leo inakula ngapi?"

"Cheka tu," Baba akasema, huku akimmiminia chai. "Ungeiona siku ile ya mvua usingecheka. Basi sisi tumekaa pale jukwaani..."

"Lakini Baba, hukuwepo." Nilisema kwa Kiingereza, lugha niliyoitumia kila nilipotaka kushinda. "Ulikuwa London. Nimesoma."

Mjomba alicheka mpaka chai ikamwagika. "Binti yako kakutungua, shemeji! Bao la mbali hilo!"

Baba aliendelea kutazama kompyuta, ingawa picha ilikuwa imeganda. "Kumbe," alisema. Basi. Mechi ilipokwisha aliokota makombo peke yake, na yangu pia.

Hakunisimulia tena. Siku ya mwisho ya msimu timu ilishuka daraja, na sisi tulikaa bega kwa bega. Picha ilikwama mara tatu, na mara zote tatu tulisubiri tukisikiliza jokofu likinguruma jikoni.

Chuo kikuu kilinifundisha kutilia shaka kwa ustadi zaidi, na sijutii. Ila ilinichukua miaka kujiuliza kwa nini sikumhoji Mjomba. Yeye husema "jana tuliwanyoosha" kuhusu timu ya London ambayo uwanja wake uko safari moja tu ya treni, na hajawahi kuukanyaga. Hadithi ya Baba ndiyo niliyoipeleka maktaba kuihakiki. Mpaka leo sijui kama alidanganya, au rafiki alimwandikia barua akaisoma hadi ikawa yake, au alitamani sana kuwepo mpaka akalowa.

Baba amestaafu, amerudi Morogoro. Mimi nimepanga chumba Kingsbury, London hii hii, na Jumamosi naamka mapema, natazama timu ile ile, ingali ya daraja la chini. Picha sasa ni safi ajabu. Haigandi hata sekunde moja, na hakuna upenyo wa mtu kusimulia kitu. Ikiisha naokota makombo ya mtu mmoja.

Mwezi uliopita nilimpigia wakati wa mapumziko ya mechi.

"Vipi huko?" akauliza.

"Bado sare. Baba, nisimulie ile siku ya mvua."



"Ile ambayo sikuwepo?"

"Hiyo hiyo," nikamjibu, kwa Kiswahili.

Nilisikia akivuta kiti. Kwenye kompyuta wachezaji walikuwa wakirudi uwanjani kwa kipindi cha pili.

"Mvua, mama," akaanza, "ilinyesha tangu asubuhi."

Nikaifunga kompyuta.