Vijiti Vimefika Juu

Mtaa mzima ulimwita Sikio. Ukimpa simu inayokoroma, alifungua programu ya kurekebisha sauti, akasogeza vijiti vitatu vinne, na muziki ukakaa sawa.

Siku hizi simu zilikuwa zinarudi. "Fundi, hii inatoboa masikio," dereva mmoja alimlalamikia jana. Sikio alimjibu kwamba dereva ndiye asiyejua muziki.

Leo, nyumbani, aliuweka wimbo wa harusi yake. Filimbi hakuzisikia. Akapandisha kijiti cha sauti nyembamba, akakipandisha tena mpaka kikagota juu. Wapi. Simu gani hizi, akanung'unika, zinaundwa ovyo ovyo.

Akageuka amuulize mkewe. Mkewe alisimama mlangoni, ameziba masikio kwa mikono miwili, akisema jambo ambalo Sikio hakulisikia.