Pima za Mikono ya Evelina

Leonsia alikuwa na ugonjwa wake: akiona grafu mbaya, hatulii. Tangu chuoni, wenzake wakiridhika na mchoro kama kompyuta ilivyoutoa, yeye atakaa akikuza herufi, akipunguza namba, akihamisha mihimili. Mama yake kule Muleba alisema huyu angezaliwa zamani angekuwa msusi wa mikeka. Siku aliyouhitaji zaidi, ugonjwa wenyewe ukamtoka. Haraka haraka haina baraka, jamani!

Kazi yake ilikuwa kupima maji ya ziwa. Asubuhi hiyo vipimo vilimtisha: maji ya chini, yasiyo na oksijeni, yalikuwa yakipanda kuelekea vizimba vya samaki vya kikundi cha Igombe, vyenye sato elfu nne waliobakiza wiki mbili wavuliwe. Akachora grafu chapuchapu, sehemu ya hatari akaipaka nyekundu, akakimbilia ufukweni na kompyuta kwapani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Haya, Mhaya, leo umetuletea usomi gani?" alitania mzee Luhende, mwenyekiti wa kikundi. Akaikodolea macho grafu. Nyekundu ilikuwa juu. "Kumbe ubaya uko juu! Vijana, legezeni kamba, shusheni nyavu za vizimba!"

Moyo ulimlipuka Leonsia paa! Kompyuta isipoambiwa vingine huweka sifuri chini na kuhesabu kwenda juu. Kina cha mita tisa kilikuwa kimekaa kileleni, na ziwa zima limesimama kichwa chini miguu juu. Vijana walishaingia kwenye mtumbwi.

"Subirini!" Akapiga magoti mchangani, akaandika amri moja, mhimili ukapinduka. Sifuri, uso wa maji, ikapanda juu, nyekundu ikashuka chini kwenye tope. "Pandisheni, msishushe! Ziishie mita tatu!"

"Mita ndiyo nini?" kijana mmoja akapiga kelele. "Kamba zetu zina mafundo, kila pima fundo."

Pima Leonsia aliijua: mikono imenyooshwa, ncha ya kidole hadi ncha ya kidole. "Mikono ya nani?"

Wote wakamgeukia Evelina, mshona nyavu wa kikundi aliyezipima kamba hizo, mama mfupi aliyeishia darasa la pili. Leonsia akamnyoosha mikono na kumpima: mita moja na nusu kamili. Akafuta mita zote kwenye mhimili, akaweka pima za Evelina, moja hadi sita, kwa herufi nene. Nyekundu ilianzia chini kidogo ya pima ya pili.

"Fundo la pili!" alipaza sauti mpaka ikamkauka. "Fundo la pili!"

Vijana wakazivuta nyavu hadi fundo hilo. Kulipokucha kesho yake, sangara wa ziwani walikuwa wakielea matumbo juu ufukweni kote. Luhende akatupa konzi ya chakula kwenye kizimba cha kwanza, na maji yakachemka kwa sato. Leonsia akaruka, akapiga vigelegele, akamkumbatia mzee wa watu bila hata kumwamkia.

Evelina aliiomba kompyuta, akaweka kidole kwenye mhimili, akahesabu taratibu: moja, mbili, mpaka ya sita, kwenye tope.

"Mwanangu," alisema, machozi yakimlengalenga, "nimezaliwa hapa, nimezeekea hapa. Leo ndiyo nimeliona ziwa mpaka chini."